Kilima cha Kuazima

Anouar aliingia uani adhuhuri, shati limemganda kwa jasho la foleni ya mafuta, lakini uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeokota dhahabu. Mama yake, Bi Fatouma, alikuwa barazani anachambua maharage. Alimtupia jicho mara moja akajua kwamba mafuta hakupata, na kwamba furaha ile ilikuwa na chanzo kingine.

"Mama, tuko na shamba!"

"Salamu kwanza. Hukulelewa na mbuzi."

"Asalamu alekum, mama. Tuko na shamba."

"Waalekum salamu. Shamba la nani?"

"La kwetu. Kule kilimani, Nyakarama."

Vidole vya Bi Fatouma vilisita juu ya ungo. Katika nyumba ile ya mtaa wa Buyenzi, mjini, jina la Nyakarama halikutajwa ila mtu alipoulizwa na serikali ametoka wapi. Hapo lilitamkwa haraka, kama dawa chungu inavyomezwa, kisha likarudishwa mahali pake.

Anouar aliuza mabati na misumari katika soko la Jabe, na biashara ilikuwa imelala. Katika foleni ya mafuta, nyuma ya gari lake alikuwa dereva mmoja mtu wa Nyakarama, na foleni za siku hizi zinatosha watu wawili kusimuliana ukoo mzima. Dereva alimweleza kwamba mtoto wa mwisho wa marehemu mzee Maxime amekufa bila kuzaa. Shamba zuri limebaki na mjane mmoja wa ukoo, mzee sana, na mjukuu wake wa kike. Jumamosi wazee wa kilima watakaa waamue ni la nani.

"Na kule kila mutu anajua baba alikuwa mtoto wa mzee Maxime," Anouar alisema. "Yule dereva ameniambia: we ndiye mwanaume wa mwisho. Mtoto wa kike hapewi udongo, mama, unajua mila ya kule. Na parachichi sasa zinapanda ndege kwenda Ulaya! Mi nitapanda kilima kizima."

"Huyo mjane anaitwa nani?"

"Jovithe. Alikuwa muke wa Léonce, ndugu ya baba, yule wa bandarini."

Bi Fatouma alikuwa amejua kabla ya kujibiwa. Aliendelea kuchambua, na kwa muda hakuona kwamba alikuwa anatupa maharage na kubakiza mawe.

"We huna furaha, mama?"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini? Mi siibi kitu cha mutu. Nadai cha baba."

Cha baba. Kumjibu neno hilo kungehitaji kufungua jambo lililokuwa limefungwa kwa zaidi ya nusu karne, na Bi Fatouma hakuwa mwanamke wa kufungua mambo barazani, ambako majirani husikia.

Watu wa Buyenzi wa zamani hawakuwa na kilima. Babu zao walitoka Manyema, Ujiji na kwingineko wakifuata biashara na ufundi. Wakaoa, wakajenga, wakazika watu wao karibu na ziwa. Mbelgiji aliwatengea mtaa wao akawaita watu walio nje ya mila, maana hawakuwa na chifu wala shamba la ukoo. Walikuwa watu wa mji, basi, na hilo halikuwanyima usingizi. Fatouma alizaliwa humo, binti wa fundi cherehani aliyependa elimu kuliko fedha. Wajomba walinung'unika alipopelekwa shule ya masista. Baba yake alinyamaza, akamshonea sare kwa mkono wake. Siku bendera ya Mbelgiji iliposhushwa, ile tarehe mosi Julai mwaka wa sitini na mbili, Fatouma alikuwa kwenye mstari wa wasichana wa shule wenye soksi nyeupe, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa na hakika kwamba nchi ile mpya ni yake kama ilivyo ya mtu mwingine yeyote.

Lakini nchi changa haijui bado watu wake ni nani, na katika kutafuta huwajeruhi. Serikali ilihitaji makarani na walimu, na waliosoma walikuwa wa kuhesabika. Hata hivyo kila kazi ilipotokea liliulizwa swali moja: kilima chako kipi? Mrundi ni mtu wa kilima. Asiye na kilima ni mgeni, na mgeni hapewi kiti ambacho mwenyeji anakisubiri. Watu wa Buyenzi, waliopiga kelele za uhuru mpaka mishipa ya shingo ikawasimama, walijikuta wakitazamwa kama waliofika jana. Ndipo baadhi yao walipoanza kuazima kilima. Mtu alitafuta rafiki wa bara mwenye ukoo mwema, akaenda kwa wazazi wake, akaomba aitwe mtoto wa pale. Jambo lilisemwa mbele ya watu, na watu ndio waliokuwa ushahidi.

Tajudini, mume wa Fatouma, alikuwa karani hodari katika maghala ya bandarini, na swali lile lilikaribia kumtoa kazini. Mwenzake wa meza ya pili, Léonce, alimwambia, "Baba yangu ana kilima cha kutosha. Twende." Wakapanda Nyakarama: Tajudini, baba yake, na Fatouma, bado bibi harusi, visigino vya viatu vyake vikizama kwenye udongo. Mzee Maxime, baba wa Léonce, akaita majirani. Mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati, na kwa heshima ya wageni Waislamu kikawekwa kando kibuyu cha maji ya ndizi yasiyochachuka. Mzee alikunywa kwake, akampa Tajudini kibuyu chake, akasema kwa Kirundi, "Uyu ni uwacu." Huyu ni wetu. Kisha akamwongoza hadi pembe moja ya shamba, akampa vijiti vya mnyaa apande uzio kwa mkono wake mwenyewe. Jovithe, mke kijana wa Léonce, alimvua Fatouma viatu vilivyojaa tope, akaviosha, huku akimtania, "Watu wa kwetu hawapandi mlima hivi, dada! Labda kuku wetu!"

Tajudini akabaki na kiti chake. Njiani kurudi mji walicheka, "Sasa na sisi tuna kilima," kama watu waliopita mlango wa ofisi kwa hila. Hawakufahamu kwamba kule walikotoka hapakuwa na hila yoyote. Pale Nyakarama kuanzia siku ile mzee Maxime alihesabu mtoto mmoja zaidi.

Ukaja mwaka wa sabini na mbili, ambao Warundi huuita Ikiza, yaani balaa. Watu waliosoma walichukuliwa maofisini na malori ya askari, wasirudi. Léonce alichukuliwa mezani pake. Meza iliyofuata ilikuwa ya Tajudini, na kwa kila aliyefanya kazi pale Tajudini alikuwa ndugu yake Léonce, mtoto wa Nyakarama. Kilima kilichompa kazi sasa kingeweza kumpandisha lori. Alirudi nyumbani akajilaza chumbani na viatu miguuni.

Kesho yake hodi ikapigwa. Fatouma alifungua, akamwona Jovithe, mtoto amefungwa mgongoni, miguu imevimba kwa safari.

"Wamemchukua," Jovithe alisema. "Nimekuja kwenu."

Ng'ambo ya njia palikuwa na mwanamume asiye wa mtaa, ameegemea ukuta, anatazama. Fatouma alisema kwa sauti yake ya darasani, maana alikuwa ameshaanza kufundisha, sauti inayofika benchi la mwisho: "Umekosea nyumba, mama. Hapa hakuna mtu wa kilima. Sisi ni watu wa Buyenzi."

Jovithe alimtazama. Hakulia, hakubembeleza. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akashika njia ya upande wa Gatumba, kunakoelekea mpaka wa Congo.

Fatouma akafunga mlango. Tajudini alikuwa nyuma ya pazia la chumba, amesikia kila neno. Hakuuliza nani aliyebisha. Aliishi miaka mingi baadaye, akapanda cheo, akazikwa na umati, akasifiwa msikitini kuwa mtu asiye na doa, na mpaka anakata roho hakuuliza. Bi Fatouma naye hakujua kamwe kama yule mwanamume wa ukutani alikuwa mpelelezi, au alikuwa anamngoja rafiki yake tu.

Sasa Anouar alitaka shamba. Kumzuia kulihitaji kweli, na kweli zilikuwa mbili, kila moja na sumu yake. Akimwambia kwamba kilima ni cha kuazima, atakuwa amewaambia wanawe na wajukuu wake, wote walioandikishwa kuwa watu wa Nyakarama, kwamba wamesimama juu ya hewa. Akimwambia habari ya Jovithe, atakuwa amemwambia mama yake ni mtu gani.

"Jumamosi nakwenda nawe," alisema. "Na uvae vizuri. Hatuendi kuuza misumari."

Mafuta yalipatikana kwa njia ambazo Bi Fatouma hakutaka kuelezwa. Njiani, gari lilipokuwa linapanda kuelekea Bugarama na baridi ikaanza kuingia kwenye mifupa, alipanga maneno. Angewaambia wazee kila kitu: kibuyu, hila ya vijana wawili wa mji, na mlango. Aliyapanga kwa Kirundi chake kizuri cha shule, mwanzo, kati na mwisho, na kila alipofika kwenye mlango maneno yalimtoroka, ikabidi aanze upya.

Katika uwanja wa nyumba ya marehemu mzee Maxime walikuta mabenchi yamepangwa na wazee wa kilima, bashingantahe, wameshika fimbo zao. Aliyewaongoza aliitwa Sinzumunsi, mtu mwembamba mwenye macho ya kuchekacheka. Majirani wengi walikuja kutazama, kwa kuwa ardhi ikigawanywa hakuna anayebaki jikoni.

Jovithe alitoka ndani taratibu, mdogo kuliko Bi Fatouma alivyomkumbuka, amejifunga begani imvutano, shuka safi ya heshima. Akamkumbatia kwa salamu ndefu ya Kirundi, mikono ikipapasa mabega na viwiko.

"Umezeeka, Mama Anouar."

"Nawe pia, Mama."

"Mimi nilizeeka zamani. Wewe umechelewa." Watu wakacheka. Bi Fatouma alitafuta usoni mwake dalili ya hasira, akakosa. Kukosa huko kulimwumiza kuliko kofi.

Mkutano ulianza. Jirani mmoja, aliyekuwa na jicho lake mwenyewe kwenye shamba lile, hakungoja kupewa nafasi. "Tangu lini kwa Maxime kuna Waislamu? Hawa wa mjini tumewasikia leo kwa sababu parachichi zimekuwa na bei. Zilipokuwa chakula cha nguruwe hawakuwa ndugu zetu!"

Kicheko kikapita kwenye mabenchi. Anouar akasimama, uso umemwiva. "Mzee, mi nimekuja na heshima. Baba alipewa hapa. Mulizeni huyu bibi."

Sinzumunsi akamgeukia Jovithe. "Mama, wewe ndiye uliyebaki wa wakati ule. Huyu ni wenu?"

Bi Fatouma alishusha macho. Ilikuwa rahisi mno kwa Jovithe. Neno moja tu, hapana, na shamba lingebaki kwake na mjukuu wake, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Baba mkwe wangu alikunywa mbele ya watu," Jovithe alisema, "akasema Tajudini ni wetu. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeleta kibuyu. Maxime hakusema ni wetu mpaka tukipata shida. Alisema ni wetu. Huyu ni mtoto wa Tajudini. Mimi neno la wafu silibadilishi."

"Na hawa ndugu," Sinzumunsi aliuliza, "wakati wa Ikiza, ulipokimbia, walikuwa wapi?"

Bi Fatouma alikaza mtandio wake kichwani.

"Nilipita mjini kuwatafuta," Jovithe alijibu. "Sikuipata nyumba. Mimi mtu wa kilima, mji ule ulikuwa mkubwa. Nikapotea."

Wazee walinong'onezana. Kisha Sinzumunsi akaeleza lililojulikana na wote: kwa mila, udongo wa ukoo humfuata mtoto wa kiume. Mjukuu wa kike wa Jovithe, Joëlla, ataruhusiwa kulima sehemu mpaka aolewe. Mwanamume aliyebaki, kwa ushahidi uliotolewa, ni Anouar.

Anouar hakuwa mtu mbaya. Alishukuru kwa adabu, akaahidi kwamba bibi hataguswa nyumbani mwake, na Joëlla atapewa kazi ya mshahara miche itakapoanza kuzaa.

"Kazi?" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa msichana mrefu, mikono ameikunja kifuani. "Nipewe kazi kwenye shamba nililolilima tangu nikiwa na meno ya maziwa?"

"Joëlla, nyamaza," bibi yake alisema.

"Ninyamaze mpaka lini, Bibi? Mpaka niolewe?"

Hata bashingantahe wawili walificha midomo. Katika kicheko hicho Bi Fatouma aliinuka, akaomba ruhusa ya kusema. Sinzumunsi akainamisha fimbo.

Alikuwa na maneno yake tayari. Alifungua kinywa aseme: Jovithe hakupotea, alifika. Akaona macho yote ya kilima, akaona ya mwanawe, na ile sauti yake ya darasani, iliyomtumikia maisha yote, ikamshika mkono na kumpitisha njia nyingine.

"Sisi tulikuja hapa mikono mitupu," alisema, "nchi ikiwa changa, inatuuliza sisi ni nani, na hatuna jibu. Mzee Maxime alitupa jibu. Aliyepewa jina harudi kudai na udongo. Kwetu mjini tunasema, undugu ni kufaana, si kufanana. Mjane wa Tajudini ni mimi. Sehemu ya Tajudini naiacha kwa mtoto huyu wa kike, iwe yake, aolewe asiolewe, na wazee mnishuhudie."

Yakafuata makofi, yale ya Kirundi yanayokwenda kwa mpigo mmoja. Yule jirani mwenye maneno alipiga kuliko wote. Sinzumunsi akamtazama Anouar. "Mwanangu, unalikubali neno la mama yako?"

Anouar alimgeukia mama yake, akainamisha kichwa. Kumkana mama mbele ya watu ni jambo ambalo hakulelewa nalo. "Mama akisema, mi nitasema nini tena?"

"Basi tumesikia," Sinzumunsi alisema. "Na tuseme kweli, siku hizi heshima kama hii haionekani. Ukoo huu una bahati ya ndugu."

Wanawake walikuja kumshika Bi Fatouma mkono mmoja mmoja. Alipokea sifa zile kama mtu aliyevishwa nguo ya wizi mbele ya mwenye nguo. Alikuja kuutua mzigo. Badala yake alikuwa ameongezewa jina jema, na jina hilo lilitokana na mwanamke yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimfukuza.

Baadaye, wanaume walipokuwa wanakula, alimfuata Jovithe nyuma ya nyumba, kwenye jiko la nje.

"Kwa nini ulisema ulipotea?"

Jovithe alikuwa anageuza mihogo kwenye majivu. Hakuinua kichwa. "Ulitaka niseme nini? Kwamba Maxime alichagua watu wabaya? Baba mkwe wangu alikuwa na jina hapa. Nililirudisha nilivyolikuta."

"Ulinisitiri."

"Sikukusitiri wewe. Usijisumbue kushukuru."

Bi Fatouma alisimama pale kama mwanafunzi aliyesahau somo. Kuna swali lililokuwa limekaa naye tangu siku ile, na hakuwahi kupata wa kumwuliza.

"Yule mtoto uliyekuwa umembeba."

"Ernestine."

"Yuko wapi?"

"Kwenye matete ya mto Rusizi. Hakufika ng'ambo." Jovithe aligeuza muhogo mwingine. "Baba yake Joëlla, naye sasa ni marehemu, nilikuwa nimemwacha huku na bibi yake, ndiyo maana alipona akazaa. Mambo yalipotulia nikarudi."

Katika miaka yote ile Bi Fatouma alikuwa amejiambia kwamba mama na mtoto walivuka salama. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, na akajiamini, kama alivyozoea kuaminiwa na wengine.

"Jovithe..."

"Ngoja. Nina neno, na nitalisema mara moja." Sasa akainua uso. "Joëlla amepata nafasi ya kusoma uuguzi mjini. Sina mtu wa kumweka. Wewe umesema mbele ya kilima kwamba sisi ni ndugu, umepigiwa makofi. Nyumba yenu ina vyumba?"

"Ina vyumba."

"Basi atashuka na ninyi leo."

Gari liliteremka. Anouar alishika usukani kwa mikono miwili, naye Bi Fatouma alijua kwamba maneno yatakuja, labda kwa miezi. Joëlla alikaa nyuma pamoja naye, ameweka begi lake magotini. Alikuwa ametulia, hata akawa na aibu ya ukali wake.

"Bibi, asante," alisema. "Mimi nilifikiri mmekuja kuninyang'anya."

"Usinishukuru."

"Bibi yangu huwa anasimulia alivyowatafuta. Anacheka, unajua? Anasema alizunguka Buyenzi yote, anauliza kwa Kirundi, wanamjibu kwa Kiswahili, mpaka kichwa kikamzunguka. Anasema kama angeipata ile nyumba, shangazi Ernestine angekuwa mama mtu mzima sasa."

Mbele yao lori lililobeba kabichi lilikuwa linapumua kwenye kona. Bi Fatouma alilitazama. Hapa hapakuwa na mabenchi wala fimbo, hapakuwa na wa kupiga makofi, na ile sauti ya darasani, alipoitafuta, haikuja. Ilikuja nyingine, ndogo, ya mwanamke mzee.

"Hakupotea."

"Nini, Bibi?"

"Bibi yako hakupotea. Alifika. Alibisha, mimi nikafungua, nikamwambia amekosea nyumba."

Gari likapunguza mwendo. "Mama," Anouar alisema, "unasema nini?"

"Tazama barabara."

Joëlla hakugeuka. Alikaa akitazama mbele, kiti cha Anouar, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo sana.

"Na shangazi alikuwa mgongoni?"

"Alikuwa mgongoni."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa amelala."

Walifika mahali ambapo ziwa huonekana lote kwa mara moja na mji kando yake. Anouar alifuta uso kwa kiganja, mara mbili. Bi Fatouma alingoja msichana aseme simamisha gari. Angemwelewa. Hakusema. Alikuwa na masomo yanayoanza Jumatatu, na hakuwa na mtu mwingine katika mji ule.

Walipokuwa wanaingia Buyenzi ndipo Joëlla aliposema tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayepanga mambo yake.

"Chumba nitakacholala, kina kufuli?"

"Kina kitasa," Bi Fatouma alisema. "Ufunguo uko kwa ndani."

"Vizuri. Nitafunga."

"Funga, mwanangu."

Anouar aliegesha gari mbele ya nyumba, akazima, akabaki amekaa. Joëlla alishuka wa kwanza, begi mkononi, akasimama kando kumpisha mwenye nyumba atangulie.